"Akitiwa mashine, basi": niliyojifunza Lodwar na Kakuma kuhusu njia ya pumzi

Kuna neno linalosemwa sana kwenye baraza zetu, na lilizidi wakati wa korona: "Akishatiwa mashine, basi tena." Nimelisikia Kisauni, nimelisikia Lamu, na nililikuta Kakuma likisemwa kwa Kiswahili cha Kongo kwa maana ileile. Jamaa wa mgonjwa wakiambiwa kwamba mtu wao atawekwa kwenye mashine ya kupumulia, wengine huanza palepale kuwapigia simu watu wa mbali waje kuaga.

Mimi ni mtaalamu wa nusukaputi. Watu wanatujua kwa kuwalaza wagonjwa wa upasuaji, lakini kazi yetu kubwa, ukiitazama vizuri, ni kulinda njia ya pumzi. Kabla ya kurudi Pwani nilifanya kazi Turkana, Lodwar kwanza kisha Kakuma, na huko ndiko nilikoelewa kwamba lile neno la barazani lina ukweli ndani yake, ila umewekwa mahali sipo. Mashine ya kupumulia ni pampu tu. Inasukuma hewa kifuani kwa kipimo ulichoipa. Hatari kubwa iko katika dakika chache kabla ya mashine, wakati mgonjwa amelazwa kwa dawa, ameacha kupumua mwenyewe, na mpira wa kupumulia bado haujafika mahali pake. Dakika hizo zikienda vizuri, mashine inapata nafasi ya kusaidia. Zikienda vibaya, lawama inaiendea mashine ambayo pengine haikuwahi hata kuunganishwa.

Nataka nieleze dakika hizo. Nazieleza kwa mifano ya Turkana kwa sababu Kiunga, Faza na Hola zinafanana na Lodwar kuliko zinavyofanana na Nairobi.

Nyuma ya ulimi njia huwa moja, kisha inagawika: ya mbele inakwenda mapafuni, ya nyuma tumboni. Juu ya ile ya mbele kuna kifuniko kidogo, kidakatonge, kinachofunga kila unapomeza. Mtu aliyepoteza fahamu hana ulinzi huo. Ulimi unaanguka nyuma na kuziba, na akitapika, matapishi yanaweza kushuka mapafuni. Ndipo tunaingiza mpira. Tunafungua mdomo, tunainua ulimi kwa chuma kilichopinda chenye taa, laringoskopu, tunatafuta nyuzi za sauti ambazo ndizo mlango wa mapafu, na tunapitisha mpira katikati yake. Karibu na ncha ya mpira kuna kibofu kidogo. Tukikijaza upepo kinaziba pembeni ili hewa isivuje na uchafu usipite. Kwa koo la kawaida na mkono uliozoea, kazi hiyo haimalizi dakika moja.

Makoo mengine si ya kawaida. Shingo fupi na nene, kidevu kilichorudi nyuma, meno ya juu yaliyotokeza, mdomo usiofunguka hata vidole vitatu visimame, shingo iliyoumia katika ajali na hairuhusiwi kugeuzwa, rovu kubwa, uso ulioungua moto: haya yote yanaufanya mlango ule usionekane. Turkana ina yake. Wanawake wengi huvaa shanga zilizopangwa safu juu ya safu kutoka mabegani hadi karibu na kidevu, na huwa hazivuliwi ovyo. Shingo haikunjuki ipasavyo, na mbele ya koo, mahali tunapopahitaji mambo yakiharibika, pamefunikwa. Kukata uzi wa shanga za mama wa watu bila kuuliza ni jambo zito. Kwa hiyo tulikuwa tunauliza mapema, mgonjwa akiwa bado anajibu au mumewe akiwa karibu, na mtu wa nyumbani kwake ndiye aliyezitoa na kuzihifadhi. Zile desturi za kung'oa meno mawili ya chini ya mbele, ambazo wageni huzishangaa, hazikutusumbua hata kidogo. Meno ya juu ndiyo yanayozuia.

Halafu kuna majeraha ya risasi. Huko si jambo la kusimuliwa tu. Hospitali ya Lopiding pale Lokichoggio, iliyoendeshwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu kuanzia 1987 hadi 2006, ilijengwa kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan, na wizi wa mifugo kwa bunduki haujaisha mpaka leo. Taya lililovunjwa na risasi linatoa damu, halishiki barakoa ya oksijeni, na ukimlaza mgonjwa chali anazama katika damu yake mwenyewe. Mtu kama huyo ukimkuta ameketi ameinama mbele, akitema, mwache aketi. Ameshajitafutia njia ya kupumua. (Kimeo, ambacho kwetu watoto wengi bado hupelekwa kukatwa, hakimo katika orodha yangu. Sijawahi kuona kimeo kirefu kikiuzuia mpira. Nimeona koo lililovimba na kutokwa na damu baada ya kimeo kukatwa kwa wembe, na hilo ndilo gumu.)

Lakini ugumu wa umbo ni nusu ya habari, na kwa chumba cha wagonjwa mahututi nadhani ni nusu ndogo.

Pwani tunawajua wazamiaji. Mzamiaji kabla ya kushuka hujaza kifua, kwa sababu akiwa chini hana pengine pa kupata hewa. Mgonjwa tunayemlaza ili tumtie mpira naye anazamishwa. Anayekuja kwa upasuaji wa ngiri, mzima, tukimpumuza oksijeni tupu kwa dakika tatu kabla ya dawa, anaweza kukaa bila kupumua dakika saba au nane kabla damu yake haijapungukiwa. Tukikosa mlango mara ya kwanza, tunapumua sisi, tunajaribu tena. Mgonjwa mahututi hana akiba hiyo. Mapafu yamejaa maji au usaha, moyo umechoka, homa inakula oksijeni kwa kasi. Kifua unakijaza, kinavuja. Dakika moja, mbili akibahatika. Na dawa zilezile za kumlaza huangusha shinikizo la damu ambalo tayari lilikuwa limening'inia.

Utafiti mmoja mkubwa, uliochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha karibu wagonjwa 3,000 katika nchi 29, uliangalia hasa kinachotokea wagonjwa mahututi wanapotiwa mpira. Katika kila 100, wapatao 45 walipata angalau tatizo moja kubwa wakati huo au muda mfupi baadaye: wengi wao shinikizo la damu lilianguka, 9 oksijeni ilishuka mno, na 3 moyo ulisimama. Wengi wa wagonjwa hao hawakuwa na koo gumu la kuonekana kwa macho. Ugumu ulikuwa katika mwili wenyewe. Hapo ndipo penye ukweli wa lile neno la barazani.

Kwa hiyo kazi nyingi inafanywa kabla ya laringoskopu kuguswa. Mgonjwa anainuliwa kichwa na kifua, mpaka sikio lake liwe sawa na juu ya kifua, kwa kuwa akilala bapa tumbo linayabana mapafu. Oksijeni anapewa kwa barakoa iliyobana vizuri, na nyingine puani ambayo hatuiondoi hata tukiwa tumo kazini. Maji ya mshipani yanatangulia, na dawa ya kupandisha shinikizo iko kwenye sindano mkononi mwa mtu, haiko kabatini. Mashine ya kufyonza imewashwa na imejaribiwa. Ketamini tuliipenda sana Turkana, kwa kuwa haimwangushi mtu shinikizo kama dawa nyingine na haihitaji friji.

Friji nimeitaja kwa sababu. Moja ya dawa za kulegeza misuli inayofanya kazi haraka zaidi, suksamethoni, inatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Lodwar mchana nyuzi 35 ni jambo la kawaida. Umeme ukikatika na jenereta ikichelewa, au mtu akiisahau chupa juu ya meza tangu jana, dawa inapungua nguvu na kwa macho haionyeshi lolote. Unamchoma mgonjwa, unasubiri misuli ilegee, inalegea nusu. Taya limekaza, unaulazimisha mdomo, na oksijeni inashuka. Mtu wa nje akitazama atasema koo lilikuwa gumu. Koo halikuwa na shida. Shida ilikuwa chupa. Nilijizoeza kuandika tarehe ya kutoka friji juu ya kila chupa kwa kalamu nene, na wenzangu walinicheka wiki ya kwanza tu.

Oksijeni nayo ina hesabu yake, na hesabu hii kila mhudumu wa mbali anaijua kwa moyo. Mtungi mdogo wa kwenye ambulensi una lita 680 hivi. Mgonjwa akitumia lita 10 kwa dakika, ni dakika 68. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kilomita 120 hivi. Lami ya miaka hii imepunguza mateso ya njia ile, lakini laga zikijaa maji huwa husogei mpaka zishuke. Kutoka Lodwar hadi Eldoret, iliko Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, ni zaidi ya kilomita 350. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 kwa kasi ileile unakupa saa kumi na moja na kidogo, lakini huo hauubebi begani. Mashine za kutengeneza oksijeni kutoka hewani ni neema, ila nyingi hutoa lita 5 au 10 tu, zinataka umeme, na vumbi la Turkana huziba vichujio vyake.

Ndiyo maana Kakuma swali la kwanza halikuwa "tutautia vipi mpira" bali "tuutie wapi". Kambi ile ilianza mwaka 1992, na pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu zaidi ya laki mbili: Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongomani, Waethiopia, Warundi, pamoja na Waturkana wenyewe wanaoizunguka. Mgonjwa mahututi kwa kawaida husafirishwa kwenda Lodwar, na akizidi, Eldoret au zaidi. Ukimtia mpira Kakuma, umemfanya ategemee mkono wako na mtungi wako njia nzima. Mpira ukichomoka katikati ya jangwa, uko wewe, dereva na nesi. Usipomtia, pumzi inaweza kukatika palepale njiani, mahali pabaya kuliko pote pa kuanza kutafuta nyuzi za sauti.

Nakumbuka kijana mmoja mwenye jipu la jino lililoteremka chini ya ulimi. Maradhi haya yanajulikana tangu daktari Mjerumani von Ludwig alipoyaeleza mwaka 1836, na bado yanaua pasipo na daktari wa meno. Sakafu ya mdomo inavimba ngumu kama ubao, ulimi unasukumwa juu na nyuma, mate yanachuruzika kwa sababu hawezi kumeza. Alikuwa ameketi, shingo mbele, akipumua kwa sauti. Mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja. Ukimlaza mtu kama yule kwa dawa ya kulegeza misuli, ile misuli iliyokuwa ikiishikilia njia inaachia, na mlango unaofungwa pale huenda usiufungue tena.

Mamake alikuwa mtu wa Bukavu, na alitaka tumfanyie haraka. "Baba, mtoto anakufa, mumulalishe," aliniambia. Nilimweleza kwamba kwa sasa kuamka kwake ndiko kunakompumulisha. Tulimwacha ameketi, tukampa oksijeni, tukamwanzishia antibayotiki na dawa ya kupunguza uvimbe, tukamfinya ganzi ndogo chini ya kidevu na daktari wa upasuaji akapasua jipu akiwa macho. Usaha ulitoka mwingi. Shingoni tulikuwa tumeshaweka alama kwa kalamu mahali pa kutoboa, na kisu kilikuwa wazi kwenye trei. Hakikuhitajika. Alisafirishwa Lodwar akiwa ameketi, akipumua mwenyewe, na mpira hakuwahi kutiwa. Nimelieleza hili kwa sababu jamaa wengi hudhani daktari asiyekimbilia mashine anapuuza.

Wakati mwingine huna hiari, na hapo ndipo mpango unapoamua. Mpango wenyewe si siri na si wa kitaalamu sana. Kabla ya dawa kuingia, tunasema kwa sauti, kila mtu akisikia: kwanza tutajaribu mpira. Tukishindwa tutaweka barakoa ya kooni, ile iliyobuniwa na daktari Mwingereza Archie Brain mapema miaka ya 1980, inayokaa juu ya mlango bila kuhitaji kuuona. Tukishindwa tutapumua kwa barakoa ya usoni, watu wawili, mmoja akishika kwa mikono miwili na mwingine akiubana mfuko. Na yote yakishindikana, oksijeni ikishuka, tunakata mbele ya shingo. Mwongozo wa Uingereza wa wagonjwa mahututi, uliotolewa mwaka 2018, unasema majaribio ya mpira yasizidi matatu. Kila jaribio linaivimbisha koo na kuleta damu. Jaribio la nne linatafuta mlango ambao majaribio matatu yameshauficha.

Hiyo kukata shingo inatisha kuisikia, na vifaa vyake ni vya bei ndogo kuliko vyote nilivyovitaja: kisu cha upasuaji, kijiti kirefu laini cha plastiki tunachokiita buji, na mpira mwembamba wa namba 6. Chini kidogo ya kile kifundo cha koo kuna bonde dogo lenye utando tu kati ya ngozi na njia ya hewa. Kisu kinafungua, buji inapita, mpira unafuata juu yake. Ugumu wake hauko mkononi. Uko katika kukubali kwamba umefika hapo.

Mwaka 2005 huko Uingereza mama mmoja kijana, mzima, alilazwa kwa upasuaji mdogo wa pua. Njia ya pumzi ilifungika. Chumbani mlikuwa na madaktari wenye uzoefu wa miaka mingi. Waliendelea kujaribu mpira, tena na tena, muda ukawapotea. Manesi walikuwa wameshaelewa: mmoja alileta vifaa vya kutoboa shingo na kusema viko tayari, mwingine alipiga simu kuomba kitanda cha mahututi. Hawakusikilizwa, nao hawakujua waseme vipi zaidi. Mama yule alifariki siku 13 baadaye. Mumewe, Martin Bromiley, ni rubani wa ndege. Hakutafuta mtu wa kufungwa. Aliuliza kwa nini chumba cha upasuaji hakina desturi ya marubani, ambako msaidizi ana wajibu wa kusema na nahodha ana wajibu wa kusikia. Mwaka 2007 alianzisha kikundi cha kufundisha hospitali jambo hilo, na leo kisa chake kinasomeshwa kote duniani.

Sisi je? Katika hospitali zetu daktari mkubwa hakatizwi maneno. Nesi mwenye miaka 20 kazini atanyamaza mbele ya kijana wa juzi mwenye koti jeupe. Heshima ni mali yetu na siitukani, lakini katika dakika zile inaweza kuua. Tulichofanya Lodwar ni kumpa sista mmoja kazi ya kusoma namba tu. Haangalii koo, hashiki kitu, anatazama kipimo cha oksijeni na kusema: "Tisini na tano. Tisini na mbili. Tisini." Tulikubaliana mapema kwamba akisema tisini, aliye kwenye koo anatoka, awe nani. Kumwambia mkubwa "tisini" hakuhitaji ujasiri wa kumwambia "umeshindwa".

Sasa niseme jambo linaloniudhi, kwa maana safu hii ni ya maoni.

Mpira ukishaingia, utajuaje umeingia mapafuni na si tumboni? Kifua kinaweza kuonekana kikipanda katika hali zote mbili, na kusikiliza kwa kipimo cha masikio kunadanganya. Kuna kifaa kimoja kinachojibu, kapnografu. Kinapima hewa chafu, kaboni dayoksaidi, inayotoka kwenye mpira kwa kila pumzi, na kuichora kama mawimbi. Mawimbi yakiendelea kuja, uko mapafuni. Mstari ukilala, chukulia kwamba mpira hauko mahali pake mpaka uthibitishe vingine. Uchunguzi wa hospitali zote za umma za Uingereza, uliotolewa mwaka 2011, ulikuta kwamba matukio makubwa ya njia ya pumzi katika vyumba vya mahututi yaliishia kifo au kuharibika ubongo kwa 61 katika kila 100, wakati chumba cha upasuaji ni 14 katika 100. Na katika zaidi ya asilimia 70 ya vifo vya chumba cha mahututi, kutotumia kapnografu kulichangia. Hiyo ni Uingereza, nchi yenye vifaa.

Hapa kwetu afya iliingia mikononi mwa kaunti mwaka 2013, na mwaka 2015 serikali kuu ikazindua mpango wa kukodisha vifaa kwa hospitali 98, vikiwemo vya wagonjwa mahututi. Tangu hapo tumeona utepe mwingi ukikatwa. Gavana anapigwa picha mbele ya mashine ya kupumulia, inang'aa, plastiki haijatolewa. Sijaona picha hata moja ya mkubwa akikabidhi kapnografu. Sijaona picha ya orodha ya zamu inayoonyesha nani anayejua kutia mpira yuko hospitali saa nane za usiku. Chumba cha mahututi chenye mashine sita na mtaalamu mmoja anayelala nyumbani ni chumba cha mashine. Kama pesa ni chache, na ni chache, mimi ningenunua mashine tatu, kapnografu tatu, buji za kutosha, na mishahara ya watu wawili zaidi wa nusukaputi.

Mpira ukikaa, kazi inahamia kwa manesi, na hapa ndipo watu husahau kabisa. Uchunguzi uleule wa Uingereza ulionyesha kwamba mabaya mengi ya chumba cha mahututi hayakutokea wakati wa kutia, bali baadaye, mpira au tundu la shingoni lilipochomoka mgonjwa akigeuzwa au akisafirishwa. Lodwar adui alikuwa jasho. Plasta inayoshika vizuri Limuru haishiki kwenye shavu linalotiririka maji kwa joto. Asubuhi unaikuta imeachia na mpira unacheza. Tuliacha plasta tukafunga kwa utepe wa kitambaa kuzunguka kichwa, na tukaandika ubaoni mpira uko sentimita ngapi kwenye meno, kila zamu iangalie. Kwetu Mombasa jasho ni lilelile.

Safari ya Eldoret ina mtego mwingine. Lodwar iko mita 500 hivi juu ya bahari, Eldoret zaidi ya mita 2,000. Unavyopanda, upepo ndani ya kile kibofu cha mpira unatanuka na kubana koo kutoka ndani, na hewa ya nje inazidi kuwa nyepesi, kwa hiyo mgonjwa aliyekuwa anatosheka na oksijeni kidogo Lodwar hatosheki akifika juu. Anayesindikiza hupunguza upepo wa kibofu njiani, na hesabu ya mtungi anaifanya kwa mahitaji ya mwisho wa safari, wala si ya mwanzo. Wagonjwa wa Lamu wanaoletwa Mombasa, zaidi ya kilomita 300, hawana mlima huo. Urefu wa njia wanao.

Jamaa wa mgonjwa nao wana la kufanya. Mtu akizidiwa nyumbani na pumzi, usimpe uji wala chai "apate nguvu". Tumbo lililojaa ndilo linalomwagika mapafuni akilazwa. Usimlazimishe kulala chali kama anataka kuketi. Ukifika hospitali sema bila kuulizwa kama ana meno ya bandia au yanayocheza, kama hukoroma mpaka pumzi ikakatika usingizini, kama aliwahi kufanyiwa upasuaji wa shingo, na kama ana mzio wa dawa.

Na kama aliwahi kulazwa kwa upasuaji, mahali popote, akaambiwa baadaye kwamba kumtia mpira kulikuwa na taabu, usitoke hospitali hiyo bila karatasi. Mwambie aliyemlaza aandike mambo matatu: nini kilishindikana, nini kilifaulu, na mpira wa namba gani ulipita. Ipige picha, iweke kwenye simu za watu wawili wa nyumbani, na nakala ikae pamoja na kitambulisho chake.